Niliapa Sitalipia Darasa la Likizo, Sasa Mtoto Amenyamaza

Mpendwa mshauri,

Msaada nauomba, ila kwanza ujue unaongea na nani usije ukadhani ni mtu wa kulialia. Mimi ni kinyozi, na si kinyozi wa kubahatisha, watu wakishuka kwenye kiti changu husimama mbele ya kila kioo cha gari barabarani kujitazama, hata mwenye gari akiwa amekaa ndani anawatazama. Shule niliiacha njiani, lakini akili zangu zote nilitoka nazo, sikuacha hata moja kwenye dawati, kwa hiyo nikikosea mahali kwenye barua hii pita tu, maana nimekasirika, na mtu aliyekasirika hawezi kupanga maneno kama anapanga mafungu ya nyanya.

Hasira yenyewe ina mtoto ndani yake. Ni binti wa dada yangu, yuko darasa la tatu, na dada yangu yuko mbali kikazi, analea watoto wa watu ili wa kwake asome, ada anaituma kwangu na mtoto anakaa kwa mama yangu, nyumba hiyohiyo ninayolala mimi. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuufunga mdomo, akila anasema, akioga anasema, akiwa usingizini anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Akitoka shule hapiti nyumbani, anakuja kibandani kwangu, anakaa juu ya ndoo niliyoigeuza chini ya kioo, na hapo kwenye hiyo ndoo ndipo sifa zangu zote zilipoanzia, na ndipo zilipofia.

Ukutani nimebandika picha kubwa ya vichwa, kila kichwa na mtindo wake, na jina la mtindo chini yake. Chiriku alikuwa anawasomea wateja. Mtu akiingia hajui anataka nini, mtoto anasimama na kijiti anapita kichwa kwa kichwa, hiki kinaitwa hivi, hiki kinaitwa vile, hiki baba hakikufai maana kisogo chako ni bapa, na benchi zima linaangua kicheko. Kibao cha bei anakisoma, makopo ya poda anayasoma, na lile tangazo la kukataza kukopa nililoliandika kwa mkono wangu alikuwa analisoma kwa ukali kuliko mimi mwenyewe ninavyoweza. Nami nazunguka na mashine kichwani mwa mtu huku najisifu, mnamwona huyo, huyo ni wa kwetu, huyo akishika kitabu kitabu kinatetemeka. Niliyemchokoza zaidi ni muuza nyama wa jirani, ambaye mwanawe yuko darasa moja na Chiriku, nikawa namwambia amlete mtoto wake afagie nywele hapa kwangu, pengine ataokota akili zilizodondoka.

Ni mama yangu peke yake ambaye hakuwa anapiga makofi. Jioni Chiriku alikuwa anamsomea kitabu cha shule, na siku moja mama akaniita pembeni akaniambia huyu mtoto anasoma huku anatazama paa. Nikamjibu mama, hizo ndizo akili zenyewe, nikaenda zangu kulala.

Sasa nisikilize. Sisi vinyozi chupa nzuri hatutupi, kilichokuwamo kikiisha tunajaza kingine, unabandika kipande cha plasta, unaandika jina, kazi imekwisha. Kwenye rafu yangu kuna chupa ndefu ya kijani iliyokuwa ya mafuta ya kupaka kichwani, na chupa fupi nyeupe iliyokuwa ya spiriti. Wiki ile nilibadilisha. Ile ya kijani nikaitia rangi nyeusi, ile ya wazee wanaotaka kurudi ujanani, na mafuta nikayahamishia kwenye nyeupe, na zote mbili nikaziandika upya kwa herufi kubwa kama za ubavuni mwa lori, asije mtu akasema sikuandika.

Jumamosi kibanda kimejaa, akaingia dereva mmoja mstaafu, mzee wa watu, mpole, kipara mwanzo mwisho. Yeye haji kunyolewa, atanyolewa nini, anakuja kupakwa mafuta na kukandwa kichwa, anasema kinamuuma, ila mimi nadhani kinachomuuma ni kukaa peke yake. Mikono yangu ilikuwa kwenye povu la ndevu za mwingine, nikamwambia Chiriku asome pale kwenye rafu aniletee mafuta. Mtoto akaitazama rafu, akasoma kwa sauti na madaha, ma-fu-ta, akaniletea chupa ya kijani. Nikamimina kiganjani bila kutazama kwa sababu nilikuwa katikati ya hadithi yangu nzuri, nikaanza kukanda, nikakanda hasa, mzee amefumba macho kwa raha. Nilipoinua uso kwenye kioo, kichwa cha mzee wa watu kilikuwa kinang'aa cheusi kama kiatu cha askari siku ya gwaride, na mchirizi mmoja umemshuka mpaka ndani ya sikio.

Benchi lilicheka mpaka mmoja akatoka kwenda kumalizia kucheka nje. Muuza nyama alikuwepo, na siku hiyo aliona mbingu zimemfungukia. Akazichukua zile chupa mbili akazishika mbele ya mtoto, akamwambia haya msomi wetu, hii imeandikwa nini. Chiriku akasema ya kijani ni mafuta na nyeupe ni spiriti, yaani alikuwa anasoma umbo la chupa, mshauri, si plasta. Muuza nyama akachomoa mfukoni kipande cha gazeti, lile analofungia nyama, akamwambia basi nisomee hapa mstari mmoja tu. Mtoto akalitazama gazeti, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku hakuwa na la kusema.

Nami povu linanidondoka, rangi imenijaa viganjani, watu wote wananitazama, ikanitoka tu. Nilimwambia, "Kumbe wewe ni redio tu."

Basi wateja wamelidaka. Sasa hakuna Chiriku tena, ni Redio, Redio fungulia habari, Redio leo huna betri. Nami sikupenda, lakini utamnyamazishaje mteja aliyelipa.

Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda shule na aproni yangu shingoni. Mwalimu wa darasa lake nilimkuta anapanga madaftari. Nilidhani nikimwambia mtoto wetu hajui kusoma atashtuka aangushe kitu, hakuangusha hata kalamu. Akasema anajua. Nikamuuliza anajua tangu lini, akasema tangu mwanzo wa mwaka, na kwamba wako wengi kama yeye, wanasoma kwa pamoja wakifuata sauti za wenzao, mwenye ulimi mwepesi anajificha humo humo usimwone, na darasa limejaa mpaka wengine wamekaa madirishani na yeye mwalimu ana koo moja. Halafu akatabasamu, mshauri, akatabasamu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, likizo ndefu inakuja na kutakuwa na darasa maalumu la kusoma, watoto wachache, kila mmoja na kitabu chake, ila ni la kulipia. Nikamuuliza litakuwa wapi. Akasema hapa hapa. Nikamuuliza kwenye madawati gani. Akasema haya haya. Nikamuuliza anayefundisha ni nani, akasema ni yeye.

Hapo damu ilinipanda. Nikamwambia, "Mwalimu, nikimnyoa mtu upande mmoja, halafu nikamwambia upande wa pili aje likizo na hela nyingine, utaniita kinyozi au utaniitia polisi?"

Akanijibu bila kupandisha sauti. "Wewe unanyoa kichwa kimoja kwa wakati mmoja, kaka. Njoo siku moja unyoe darasa zima kwa mpigo, kwa mashine moja, halafu urudi uniulize hilo swali."

Nikatoka nimeubamiza mlango, na mlango wenyewe haukuwa na komeo, ukarudi ukanipiga mgongoni.

Nilipofika kibandani nilihutubia. Nakwambia nilihutubia, laiti ungekuwepo ungeniandika gazetini ukurasa wa mbele. Niliwaambia wazazi wote waliokuwa kwenye benchi kwamba huu ni wizi wa mchana, mtu anakuuzia mkate ambao umekwisha kuulipia, mwaka mzima anakaa na mtoto wako hamfundishi ili likizo amfundishe kwa bei. Wakashangilia. Muuza nyama akashangilia kuliko wote, akasema mtoto wake hatakanyaga huko, na wengine nao wakasema hivyo hivyo. Nikapandwa na mori, nikaapa mbele yao wote, Chiriku naye juu ya ndoo yake anasikia, kwamba siku nitakayolipia lile darasa wana ruhusa ya kunikalisha kwenye kiti changu mwenyewe na kuninyoa kipara kwa wembe mkavu. Na ujue nywele zangu, mshauri, si nywele za kawaida, nimezitunza, mtindo huu nimeubuni mwenyewe, watu wanaingia kibandani wananionyesha kidole kichwani wanasema ninyoe kama wewe. Hizi ndizo bango langu.

Likizo imeanza, darasa limefunguliwa. Jana nilipita nyuma ya shule kupeleka meno ya mashine kunolewa, nikachungulia dirishani kwa ajili tu ya kupata cha kusema. Mstari wa mbele kabisa, kitabu mkononi, kidole juu ya neno, nani? Mtoto wa muuza nyama. Miguu ilinipeleka yenyewe mpaka buchani. Nilimkuta na shoka juu ya mfupa, nikamuuliza na kiapo chetu kiko wapi. Hakusimamisha hata shoka. Akaniambia, "Mimi niliapa kwamba silipi. Mke wangu hakuapa."

Sasa nimebaki mimi peke yangu na kiapo changu kama mtu aliyeshika mzigo wa watu stendi na wenyewe wameondoka. Hela ninayo, nilikuwa naiweka kwa ajili ya kiti cha kuzunguka, na kiti kinaweza kusubiri, si hela inayonikaba. Mama anasema lipa, tena hasemi mara mbili, anasema mara moja halafu ananitazama mpaka chakula kinanikwama. Dada yangu hajui lolote. Yeye kila Jumapili hupiga simu, na Chiriku humsomea ukurasa mzima wa kitabu, dada analia huko aliko kwa furaha. Jumapili iliyopita mtoto alikataa kushika simu. Alisema koo linamuuma. Koo haliumi, mshauri, ni mzima kabisa. Kwenye ndoo yake kibandani amegeuka, siku hizi anakaa ametazama ukuta.

Na jana hiyohiyo, nilipokuwa nateremsha mlango wa kibanda, nimevimba kwa hasira za muuza nyama, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mjomba, nikikaa nyumbani nitajua kusoma lini?"

Mimi, ambaye jibu huwa ninalo kabla ya swali, nilimwambia abebe ndoo twende.

Nikilipa, yule mwalimu atakuwa ameshinda, mwakani hatafundisha tena, atasubiri likizo, na muuza nyama atanishikia wembe mbele ya mtaa mzima. Nisipolipa, yule mtoto nitamwambia nini. Nishauri nifanye nini, lakini usinishauri nimpende yule mwalimu, maana hilo sitaki hata kulisikia.

Ni mimi, kinyozi mwenye hasira na mkono mzuri.

—

Kinyozi,

Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Nilikuwa nimekukasirikia wewe, nikamkasirikia mwalimu, nikamkasirikia muuza nyama, nikarudi tena kukukasirikia wewe, na hapo ndipo nilipobaki.

Haki yako nikupe kwanza. Umeonewa. Mwalimu aliyejua tangu mwanzo wa mwaka kwamba mtoto hasomi, akanyamaza, akafungua mdomo siku ya kutangaza darasa lake la kulipia, amekosea, na ule mfano wako wa kunyoa upande mmoja nimeukubali. Lakini hata alilokujibu lina ukweli, na wewe unaujua, ndiyo maana uliubamiza mlango. Mtu mwenye jibu habamizi mlango.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia mistari mingapi kuhusu nywele zako? Nimejua mtindo wako, nimejua sifa zako, nimejua unavyohutubia. Mtoto amekaa kwenye ndoo chini ya kioo chako kila siku akitoka shule, na hakuna mahali popote ulipoandika kwamba uliwahi kukaa naye ukamfungulia ukurasa. Ulimtumia kama picha ya ukutani, ya kuchekeshea benchi na kumtambia muuza nyama. Mama yako alitazama mara moja tu akaona mtoto anasoma paa. Akakuita pembeni, ili asikuaibishe. Wewe alipokosea mtoto hukumwita pembeni.

Nisikilize vizuri hapa. Huyo mtoto si redio. Ameshika majina ya mitindo yote, bei zote, makopo yote na kitabu kizima cha shule kwa kusikia tu, na akayatoa kila moja mahali pake bila kugongana. Wewe na mimi hatuwezi. Tena hakufanya hivyo kumdanganya mtu. Aliona kwamba akisema hivi mjomba anafurahi, mjomba anamsifu mbele ya watu, mama yake anatokwa machozi ya furaha kwenye simu. Alikuwa anawapa mlichokipenda. Alikosa mtu mmoja tu wa kumwambia polepole kwamba kusoma ni kitu kingine, na atakiweza. Kwa kichwa hicho, atakiweza upesi.

Kwa hiyo utalipa. Umeniuliza, nimekujibu. Utalipa, na ukitaka ulipe umekunja uso, kunja, hakuna aliyesema ulipe unatabasamu. Mwalimu hujamsamehe, sawa, usimsamehe. Lakini vita yako na mwalimu ni ya watu wazima, na wewe umempeleka mtoto wa darasa la tatu akupiganie kwa kukaa nyumbani. Muuza nyama ni mnafiki, hilo halina ubishi. Mwanawe lakini yuko mstari wa mbele na kidole juu ya neno, na wako anatazama ukuta. Nani kati yenu amemfanyia mtoto jambo la maana?

Usilipe likizo nzima kwa pamoja. Lipa wiki ya kwanza, na umwambie mwalimu wazi kwamba Ijumaa utakuja kumsikiliza mtoto akisoma, na ukurasa utauchagua wewe. Uwe ukurasa ambao hajawahi kuuona wala kuusikia, maana huyo ukimpa wa jana atakupa wote na koma zake. Akisoma maneno matatu kwa shida, shangilia hayo matatu kuliko ulivyowahi kushangilia kitabu kizima. Akiwa hajasonga, muulize mwalimu kwa nini, kwa adabu, huku umekaa, aproni umeiacha kibandani. Akisonga, lipa wiki ya pili. Hivyo ndivyo wateja wako wanavyokufanyia wewe. Ukiwaharibia hawarudi.

Shule ikifunguliwa, kusanya wazazi, na safari hii usihutubie. Mtafute mke wa muuza nyama awaongoze, ndiye pekee katika mtaa wenu aliyefanya jambo bila kuapa. Nendeni kwa mwalimu mkuu mumuulize mambo mawili: kwa nini mtoto asiyesoma hajulikani nyumbani mpaka likizo, na kwa nini darasa linajazwa mpaka madirishani. Hasira yako ipeleke huko, na ikipungua njiani, nyingine utaikuta mlangoni pa ofisi imekungoja. Hapo utakuwa na haki ya kupiga meza.

Dada yako umwambie wewe, Jumapili hii, kabla hajaomba kusomewa. Mwambie yote, pamoja na neno ulilolisema. Usimwache mtoto aendelee kuumwa koo kwa ajili yenu.

Na hilo neno ulizike mahali ulipolizalia. Benchi likijaa, zima mashine, mwite Chiriku, mwambie mbele ya watu walewale kwamba ulikosea na kwamba jina lake ni lile la zamani. Atakayemwita Redio tena ashuke kitini hata kama umemnyoa nusu. Unaniuliza utamnyamazishaje mteja aliyelipa? Una wembe mkononi na yeye kainamisha shingo, halafu unaniuliza mimi.

Yule dereva mstaafu umemwacha na rangi kichwani katikati ya barua, hukuniambia hata kama ilitoka. Nenda kwake ukamwombe radhi, umsafishe na sikio. Na kwa kuwa umesema mwenyewe kinachomuuma ni kukaa peke yake, mwombe awe anakuja alasiri kukaa na Chiriku, amwonyeshe maneno kwenye magazeti kwa kidole, bila haraka. Kichwa utamkanda bure. Lakini kabla ya kumimina, utazame chupa. Chupa ni kazi yako, si ya mtoto. Ukiendelea kuhamishahamisha dawa hivyo iko siku utampaka mtu ya kusafishia choo, na siku hiyo usiniandikie mimi, mwandikie wakili.

Limebaki suala la nywele zako nzuri. Uliapa mbele ya watu, na mtoto alikuwa juu ya ndoo anasikia. Ameshaona muuza nyama anavyokwepa kiapo kwa mgongo wa mkewe, hana haja ya kuona na mjomba wake. Keti kwenye kiti chako. Wembe usimpe muuza nyama, yeye amezoea shoka, mpe dereva mstaafu, ambaye kichwa chako anakidai. Maji nimekuruhusu.

Kesho yake asubuhi, kabla hujafungua kibanda, mshike Chiriku mkono mwende shule kwa miguu, na mpite mbele ya bucha, yeye na daftari jipya, wewe na kipara chako kinachong'aa. Watakucheka. Waache wakucheke wewe, na utembee polepole ili wamalize, maana yeye amekwishachekwa vya kutosha.